Swali ambalo sikuulizwa kliniki

Mwezi Februari mwaka 2017 nilikuwa na mimba ya miezi sita, na kila siku niliamka saa kumi alfajiri bila kuamshwa na mtu, nikabaki nimelala nikitazama bati hadi jogoo wa jirani alipoanza kuwika. Tulikuwa tumepanga chumba na sebule Nkuhungu, hapa Dodoma. Mume wangu alikuwa kazini Katavi, na mtoto wetu wa kwanza alikuwa na miaka minne. Sikuwa na ugomvi na mtu, wala sikulala njaa. Nilichokuwa nacho ni uzito ambao sikuwa na jina lake: mlenda niliokua nao na kuupenda ulinikaa mdomoni kama karatasi, simu za dada zangu niliziacha ziite mpaka zikate, na nguo za mtoto alizoninunulia mama zilikaa kwenye mfuko wa rambo nyuma ya mlango miezi miwili bila mimi kuzifungua.

Kliniki nilihudhuria bila kukosa. Nilipimwa uzito, presha, wingi wa damu na mkojo, muuguzi akapima kimo cha mimba kwa futi ya kamba, akainama na kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kwa kile kifaa chenye umbo la pembe, nikapewa fefo, vile vidonge vya kuongeza damu, na dawa za kuzuia malaria. Kisha akaniuliza, kalamu ikiwa tayari juu ya kadi, “Mtoto anacheza?” Nikajibu kwamba anacheza. “Una tatizo lolote?” Nikajibu kwamba sina. Akaandika tarehe ya kurudi na kumwita mwenzangu aliyefuata.

Simlaumu yule muuguzi, kwa kuwa benchi la nje lilikuwa limejaa na yeye alikuwa peke yake. Hata hivyo nimelifikiria swali lile kwa miaka kadhaa sasa, kwa sababu nilikuwa na tatizo kubwa na nilijibu kwa unyoofu wote kwamba sina. Kwangu mimi tatizo lilikuwa kutokwa damu, homa au miguu kuvimba. Kulia alfajiri hakukuhesabika.

Jina lake nililijua baadaye: sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Wengi tunadhani sonona huja baada ya kujifungua, lakini inaweza kuanza mimba ikiwa bado changa, na mara nyingi sonona inayoonekana baada ya uzazi ilikuwepo tangu ujauzito. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba duniani kote takriban asilimia 10 ya wajawazito hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na kwamba katika nchi zinazoendelea kiwango hicho hufika asilimia 15.6 wakati wa mimba na asilimia 19.8 baada ya kujifungua. Utafiti uliofanywa Mwanza miongoni mwa wanawake waliokuwa wakihudhuria kliniki ulikuta dalili za sonona kwa karibu theluthi moja yao. Ukikaa kwenye benchi la kliniki na wanawake ishirini, hesabu hiyo inakuonyesha nini kuhusu waliokaa kulia na kushoto kwako?

Huku kwetu hatuna ukosefu wa maneno ya kuizungumzia hali hii. Tatizo ni kwamba maneno tuliyo nayo yanaifunika. Husemwa kwamba mimba ina kisirani, kwamba mama anadeka, kwamba ana mawazo tu yatapita, kwamba mimba imemkataa mume. Na juu ya hayo kuna jambo la pekee kwa sisi tunaoishi Dodoma: hospitali ya taifa ya afya ya akili, Mirembe, ipo mjini kwetu, na jina lake limegeuzwa tusi nchi nzima. Mtoto akifanya utundu anaambiwa atapelekwa Mirembe. Mwanamke aliyekulia katika maneno hayo hawezi kirahisi kufungua kinywa mbele ya muuguzi na kusema kwamba kichwa chake hakiko sawa, wakati hospitali ambayo ingemsaidia ndiyo ambayo jina lake lilitumika kumtishia utotoni.

Nilianza kusoma kuhusu mambo haya binti yangu alipokuwa na miaka mitatu. Nilikuwa nikitafuta maelezo ya sonona, nikakutana na tafiti zinazohusu watoto: kwamba hali ya mama wakati wa mimba inahusiana na kiwango cha homoni ya msongo mwilini mwa mtoto. Nilisoma hadi usiku wa manane, na niliyoyasoma yalinitia hofu kabla hayajanisaidia. Nayaeleza hapa kwa utaratibu ambao ningependa mtu angenieleza mimi.

Homoni yenyewe inaitwa kotisoli. Hutengenezwa na tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, lakini amri ya kuitengeneza hutoka kichwani. Sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo hutuma ujumbe kwenye tezi ya pituitari, pituitari hutuma ujumbe wake kupitia damu, na tezi za juu ya figo hupokea na kumimina kotisoli. Si sumu, na mtu asiye nayo hawezi kuishi. Ndiyo inayopandisha sukari kwenye damu ili misuli na ubongo vipate nguvu, inasaidia kushikilia shinikizo la damu, na inatuliza uvimbe. Ina ratiba yake pia: hupanda alfajiri, hufika kileleni kiasi cha nusu saa baada ya mtu kuamka, kisha hushuka polepole mchana kutwa hadi kufikia kiwango cha chini kabisa usiku. Mtoto mchanga hazaliwi na ratiba hiyo. Huijenga katika miezi yake ya mwanzo, kama anavyojifunza kutofautisha usiku na mchana.

Jambo la muhimu kuliko yote ni jinsi kotisoli inavyozuiwa isizidi. Sisi tunaoishi kwa maji ya mgao tunalijua boya la tangi. Maji yakijaa, boya hupanda na kufunga bomba, na yakipungua hushuka na kulifungua. Ndani ya ubongo kuna vipokezi vinavyofanya kazi kama ya boya hilo. Vinahisi kwamba kotisoli imetosha na kuamuru uzalishaji usimame. Mtu mwenye vipokezi vinavyoitika vizuri hushtuka, moyo ukaenda mbio, kisha akatulia. Ambaye vipokezi vyake vinaitika kwa uzito huchelewa kutulia, kama tangi ambalo boya lake limekwama na maji yanaendelea kumwagika uani huku wenye nyumba wamelala.

Sasa mtoto aliye tumboni. Kotisoli ya mama huongezeka katika kila mimba yenye afya, na kufikia miezi ya mwisho huwa mara mbili hadi tatu ya ilivyokuwa kabla ya mimba. Ingekuwa yote inapita kwenda kwa mtoto, ingemzidi. Kondo la nyuma, ambalo tumezoea kulizika na kulisahau, lina kimeng'enya maalumu kinachoigeuza sehemu kubwa ya kotisoli ya mama kuwa kitu kisicho na nguvu kabla haijamfikia mtoto, kwa hiyo damu ya mtoto huwa na kotisoli kidogo sana kuliko ya mama. Inayopita ina kazi yake. Karibu na kuzaliwa, mtoto anahitaji homoni ya aina hii ili mapafu yakomae, na ndiyo maana mama anayetishiwa na uchungu kabla ya wakati huchomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto. Dawa iliyo katika sindano hizo ni ndugu wa kotisoli, na huchaguliwa kwa sababu hupita kwenye kondo bila kuzuiwa sana. Mama aliyewahi kuchomwa sindano hizo ameshuhudia kwamba homoni za msongo ni sehemu ya matengenezo ya mtoto.

Wasiwasi wa watafiti ni juu ya kuzidi kwake, au kuja kwake wakati usiofaa. Ipo mimba ambayo kimeng'enya kile kinafanya kazi kwa unyonge, na hali hiyo imeonekana kuhusiana na sonona na wasiwasi wa mama, na katika wanyama, na lishe yenye upungufu wa protini. Ubongo wa mtoto una vipokezi vingi vya kotisoli, hasa katika sehemu inayohusika na kumbukumbu, ambayo pia ni miongoni mwa sehemu zinazotuma amri ya kusimamisha msongo. Kwa maneno mengine, homoni hiyo inagusa boya lenyewe wakati boya likiwa bado linaundwa.

Mwaka 2008 watafiti wa Vancouver, Kanada, wakiongozwa na Tim Oberlander, waliwafuatilia wanawake wajawazito na watoto wao. Walichukua damu ya kitovu mtoto alipozaliwa na kuangalia jeni inayobeba maelekezo ya kutengeneza kipokezi cha kotisoli. Kwa watoto ambao mama zao walikuwa na dalili za sonona katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, jeni hiyo ilikuwa na alama nyingi zaidi za kikemikali, zile ambazo hupunguza kasi ya jeni kusomwa, na watoto hao walipopimwa mate wakiwa na miezi mitatu, kotisoli yao ilipanda zaidi walipokabiliwa na jambo jipya. Mwaka 2011 watafiti wa California waliangalia watoto wachanga wakati wa kuchomwa kisigino ili kutolewa damu, kipimo ambacho hufanywa katika siku ya kwanza ya maisha, na wakakuta kwamba watoto ambao mama zao walikuwa na kotisoli nyingi katika nusu ya pili ya mimba walitoa kotisoli nyingi zaidi kwa mchomo ule ule mmoja. Na huko Bristol, Uingereza, ambako wajawazito takriban 14,000 waliandikishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na familia zao kufuatiliwa kwa miongo kadhaa, kundi dogo la watoto lilipimwa lilipofika umri wa miaka 10. Wale ambao mama zao walikuwa na wasiwasi mkubwa mwishoni mwa mimba waliamka asubuhi na kotisoli iliyo juu zaidi.

Vipimo vyenyewe havina ukatili. Mtoto huweka pamba mdomoni ikalowa mate, basi. Siku hizi hupimwa hata nywele, kwa sababu nywele hurefuka kama sentimita moja kwa mwezi na kotisoli hubaki ndani yake, hivyo sentimita tatu zilizo karibu na ngozi hueleza habari za miezi mitatu. Nilipolisoma hilo nilikumbuka jinsi tunavyowanyoa watoto wetu vipara kila Jumapili, na nikawaza kwamba mtafiti atakayekuja Dodoma itambidi azungumze kwanza na bibi.

Hapo ndipo penye hatari ya kusoma usiku peke yako. Binti yangu alikuwa mtoto wa kulia. Siku ya chanjo ya wiki sita alilia tangu tulipotoka kwenye chumba cha chanjo hadi tulipofika nyumbani, na watoto wengine tuliowaacha pale walikuwa wameshanyamaza na kulala. Alipokuwa na miaka miwili, mlio wa bodaboda ulitosha kumfanya ashike sketi yangu na kutetemeka. Niliposoma kuhusu mchomo wa kisigino nilifunga simu nikaenda kusimama kando ya kitanda chake, nikamwangalia anavyolala, nikawaza kwamba nilimfanyia hivi mimi, kwa alfajiri zangu zile, kabla hata sijamwona uso.

Nimekuja kuamini kwamba wazo lile halikuwa la kweli, na sababu zangu zinatoka ndani ya tafiti zenyewe. Kwanza, matokeo hayafanani. Ziko tafiti zilizokuta kotisoli ya watoto imepanda, ziko zilizokuta imelala chini kupita kiasi, isiyopanda hata inapotakiwa, na ziko ambazo hazikuona tofauti. Pili, tofauti zinazoonekana ni za wastani wa makundi na mara nyingi ni ndogo. Watoto walio wengi waliozaliwa na mama mwenye sonona wanakua vizuri, na hakuna daktari anayeweza kumpima mtoto mmoja kotisoli na kusema, huyu mama yake alikuwa akilia. Tatu, wajawazito wengi wenye sonona hawana hata kotisoli iliyopanda, na ndiyo maana watafiti wanaangalia pia usingizi, lishe, uvimbe wa ndani kwa ndani, na kondo lenyewe. Tena mtoto hurithi jeni za wazazi wote wawili, halafu analelewa katika nyumba ile ile iliyomlemea mama.

Nyumba hiyo ndiyo ninayotaka tuitazame. Sonona ya mama haidondoki kutoka mawinguni. Huku kwetu katikati ya nchi mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili, na miezi ya Januari na Februari, wakati mtama na uwele viko shambani bado na ghala limebaki vumbi, ndiyo miezi ambayo mwanamke wa Bahi au Chamwino anapalilia juani kutwa nzima kisha analala na kikombe cha uji. Mjamzito anapalilia pia. Ndoo ya maji lita ishirini anajitwisha pia. Mume akiwa ameondoka kutafuta kibarua mjini, yeye ndiye anayeulizwa na watoto watakula nini. Na kuna nyumba ambazo mume yupo, na kuwepo kwake ndiyo tatizo: utafiti uliochapishwa mwaka 2013 miongoni mwa wajawazito wa Dar es Salaam ulikuta kwamba zaidi ya mmoja kati ya wanne alifanyiwa ukatili na mwenza wake akiwa na mimba hiyo, na wanawake hao walikuwa na dalili za sonona na wasiwasi kuliko wenzao. Kumwambia mwanamke kama huyo kwamba asiwe na mawazo kwa sababu yatamdhuru mtoto ni kumwongezea mzigo mwingine kichwani, juu ya ndoo.

Nimewahi kusikia ushauri huo ukitolewa kwa nia njema kabisa, na mama mkubwa wa kanisani, na mtangazaji wa redio, hata na muuguzi: “Usiwaze, mama, unamuumiza mwanao.” Naomba tuuache. Habari za kotisoli zingepaswa kuelekezwa kwa watu wanaomzunguka mama, kwa mume anayeweza kuteka maji, kwa mama mkwe anayeweza kumchukua mtoto mkubwa siku mbili, kwa mganga mkuu anayepanga ni nini kipimwe kliniki. Kwa mama mwenyewe zifike kama sababu ya kustahili msaada.

Utafiti mmoja zaidi nausimulia kwa sababu ulinirudishia pumzi. Huko Wirral, karibu na Liverpool, Helen Sharp na wenzake walichapisha mwaka 2012 matokeo ya kuwafuatilia akina mama tangu ujauzito. Waliwauliza, watoto wakiwa na wiki chache, ni mara ngapi humpapasa mtoto mwilini. Watoto walipofika miezi kama saba wakapimwa jinsi miili yao inavyoitika msongo. Kwa watoto wasiopapaswa sana, sonona ya mama wakati wa mimba ilihusiana na mwitiko mbaya zaidi wa mwili na hasira nyingi zaidi, lakini kwa waliopapaswa mara nyingi uhusiano huo ulififia. Jambo hilo linakubaliana na yale ambayo Michael Meaney na wenzake wa Montreal walikuwa wameyaona kwa panya: watoto wa panya waliolambwa sana na mama yao walikua wakiwa na vipokezi vingi zaidi vya kotisoli, na hata watoto wa mama asiyelamba, wakihamishiwa kwa mama mwingine anayelamba, walikua kama wa huyo mwingine.

Niliposoma hayo nilikumbuka mikono ya mama yangu. Alikuja kutoka Kongwa wiki moja kabla sijajifungua, akakaa miezi mitatu. Kila jioni, jua likielekea kuzama, alikaa chini ukumbini akanyoosha miguu, akamlaza binti yangu juu ya mapaja yake, akamimina mafuta ya alizeti kiganjani na kuyasugua hadi yapate moto. Alianzia utosini, kwa vidole viwili tu, akashuka nyuma ya masikio, mabegani, akaviringisha kila mkono kati ya viganja vyake kama anasokota kamba, akamgeuza kifudifudi na kupitisha kidole gumba kando ya uti wa mgongo taratibu, juu mpaka chini, huku anaimba kwa Kigogo sauti ambayo mimi niliisikia nikiwa chumbani nimegeukia ukuta. Siku za mwanzo sikuweza kuamka. Hakunilazimisha. Wiki ya tatu aliniita, akaniambia, “Njoo ushike mguu huu mmoja, mimi nimechoka.” Hakuwa amechoka. Nikashika mguu mmoja.

Sisemi kwamba mafuta yanatibu sonona. Sonona ni ugonjwa, na tiba yake ipo. Mwaka 2008 Atif Rahman na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa vijijini Pakistan, ambako wahudumu wa afya wa jamii, wanawake wenye elimu ya sekondari wasio wataalamu wa akili, walifundishwa kuwatembelea wajawazito wenye sonona majumbani na kuzungumza nao kwa utaratibu maalumu, wakimsaidia mama kutambua wazo linalomkandamiza, kulipima na kulibadilisha kwa tendo dogo analoliweza. Mtoto alipofika miezi sita, asilimia 23 ya kina mama waliotembelewa kwa utaratibu huo ndio waliokuwa bado na sonona, wakati kwa wale waliotembelewa kwa njia ya kawaida walikuwa asilimia 53. Shirika la Afya Duniani liliuchukua mwongozo huo na kuutoa mwaka 2015 ili nchi nyingine zitumie. Sisi tuna wahudumu wa afya ngazi ya jamii katika vijiji vyetu, wanaozijua nyumba na njia za kufika huko. Zipo pia dawa za sonona ambazo daktari anaweza kumpa mjamzito baada ya kupima faida na hatari, na aliyekuwa akizitumia kabla ya mimba asiziache ghafla bila kumwona daktari. Anayefikia kuwaza kujiua au kujidhuru asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kugundua nako hakuhitaji mashine. Yapo maswali kumi yaliyotungwa Edinburgh na kuchapishwa na John Cox na wenzake mwaka 1987, yanayotumika leo duniani kote kwa waliojifungua na kwa wajawazito. Yanauliza juu ya siku saba zilizopita: kama bado unaweza kucheka, kama unatazamia mambo kwa furaha, kama unajilaumu pasipo sababu, kama umekuwa ukilia. Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3. Watungaji waliyaepuka makusudi maswali ya uchovu, kwa kuwa mjamzito na mzazi mpya wamechoka wote. Kuhusu usingizi hawaulizi kama umelala vibaya, wanauliza kama huzuni imekunyima usingizi. Swali la mwisho linahusu kujidhuru. Yanachukua dakika chache, muda ambao presha hupimwa mara mbili.

Mwaka jana nilimsindikiza wifi yangu kliniki, akiwa na mimba yake ya pili, miezi mitano. Alikuwa amepungua uzito na hakuwa akizungumza. Muuguzi alikuwa dada mdogo, pengine hajafika miaka thelathini, na benchi la nje lilikuwa limejaa kama lilivyojaa langu. Alimaliza kupima kimo cha mimba, akaandika, akauliza kama mtoto anacheza. Wifi akajibu kwamba anacheza. Yule dada akaweka kalamu chini, akamtazama, akasema, “Na wewe mwenyewe, mama, wiki hii nzima, umecheka siku gani?”

Wifi hakujibu. Aliishika kadi yake kwa mikono miwili, akaikunja pembe, akaikunjua, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti. Muuguzi aliinuka akasukuma mlango ukafunga, akavuta kigoda akakaa mbele yake magoti yakigusana, na kwa muda mrefu hakusema neno. Nje mtu aligonga, yeye akajibu kwa upole kwamba wasubiri kidogo. Tulipotoka nilisoma kadi. Tarehe ya kurudi ilikuwa Jumatatu iliyofuata, si mwezi uliofuata, na pembeni yake alikuwa ameandika, kwa herufi ndogo, aje na huyu wifi yake.